Acheni Ulimi, Pimeni Sikio

"Daktari, huyu si ana udata? Akikatwa ataongea?" Wiki hii nimeulizwa mara nne. Mara zote nne mzazi alikuwa ameshamfungua mwanawe mdomo na kuwasha tochi ya simu kabla sijavuta kiti. Leo najibu kwa maandishi, ili atakayekuja na swali hilo Jumatatu nimpe gazeti asome huku akisubiri foleni.

Hapana. Kama mtoto wa miaka miwili hana neno hata moja, udata haujahusika.

Udata ni kile kijinyama kinachoushikilia ulimi kwa chini. Sote tunacho. Kwa wachache huwa kifupi au kinene, ncha ya ulimi ikashindwa kunyanyuka vizuri. Hilo silibishi. Ninachobisha ni imani kwamba kijinyama hicho ndicho kilichoyafungia maneno, kama kamba kwenye mdomo wa gunia, kwamba ukikata tu yatamwagika.

Jaribu mwenyewe. Sema "mama". Kazi imefanywa na midomo. Sema "baba", "bibi", "embe": midomo tena. Sema "kuku", "kaka", "paka": hapo limeinuka shina la ulimi, huko nyuma ambako udata haufiki. Ncha ya ulimi inahitajika kwenye t, d, n, l, r, s, z na jamaa zao. Kwa hiyo mtoto ambaye shida yake ni udata tungemsikia akisema "mama" na "kuku" bila taabu, kisha akiharibu "rangi" na "lala". Angekuwa na maneno tele yenye kasoro. Hakuna udata duniani unaozuia "mama".

"Lakini wa jirani alikatwa, mwezi haukuisha akaanza kuongea!" Huyo wa jirani namfahamu, yuko kila mtaa. Watoto wengi wanaochelewa hufunguka wenyewe kati ya miaka 2 na 3, na huo ndio umri ambao wazazi huishiwa subira wakatafuta fundi wa kukata. Kazi imefanywa na umri, sifa ikapewa wembe. Waliokatwa wasiongee hawasimuliwi barazani. Hao huletwa kwangu.

Na wembe wenyewe si mchezo. Chini ya ulimi kuna mishipa ya damu unayoiona kwa macho, mishipa ya fahamu, na vijitundu vya mate. Fundi hana vifaa vilivyochemshwa wala njia ya kuzuia damu. Pepopunda huingia kwa kidonda kidogo kuliko hicho. Hata hivyo, hasara inayoniumiza zaidi ni muda.

Mvulana mmoja wa karibu miaka mitatu aliletwa na bibi yake. Nilimwamkia bibi, nikamtazama mtoto: kovu lilikuwepo, alikatwa akiwa na mwaka mmoja na nusu. Maneno yake yalikuwa irabu na "m" tu, na bibi peke yake ndiye aliyeyaelewa. Nikaketi nyuma ya mtoto, nikaziba mdomo wangu kwa karatasi, nikatamka sauti sita tunazozitumia kliniki. Kwa "aa", "uu" na "mm" aligeuka. Kwa "ii" alisitasita. Kwa "shh" na "sss" aliendelea kusukuma gari lake la kopo.

"Lakini anasikia, mwanangu," bibi akasema. "Mlango ukigongwa anaruka."

Bibi, mlango ni kishindo kizito. Sauti nyembamba ndizo zinazotenganisha "saa" na "taa". Mjukuu alikuwa anarudisha kile kile kilichomfikia: irabu na "m". Kipimo cha mashine kikathibitisha. Sisi hulenga kugundua tatizo la usikivu kabla ya miezi 3 na kuanza tiba kabla ya 6. Hapa zaidi ya mwaka mzima ulipotea, familia ikisubiri kidonda kizungumze.

Kazi yetu ya tiba ya usemi huanzia sikioni, si ulimini. Ndiyo maana kijana wa kidato cha sita anaponiuliza digrii nzima ya "kufundisha watu kuongea" ni ya nini, nasikia swali la udata limevaa suti. Katika shahada ya tiba ya usemi na lugha, ulimi hupata vipindi vichache. Muda mwingi ni ubongo, sikio, fizikia ya sauti, isimu na makuzi ya lugha. Kisha wodini, kwa mwenye kiharusi aliyepotelewa na maneno na mgonjwa anayepaliwa kila akimeza. Makerere ilianza kuifundisha mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, na Muhimbili sasa ina shahada inayounganisha usikivu na tiba ya usemi. Wahitimu bado ni wachache, na pengo lao linazibwa na wenye nyembe.

Ya kufanya, upesi, nafasi imekwisha. Mwaka 1: haitiki jina wala hasemi "ba-ba-ba"? Mlete. Miezi 18 bila neno? Mlete. Miaka 2 bila kuunga mawili, kama "baba kaja"? Mlete. Amepoteza maneno aliyokuwa nayo? Wiki hii hii. Anzeni na kliniki ya masikio, pua na koo, apimwe usikivu. Akisikia vizuri, mtaalamu wa usemi, na asipokuwepo, daktari wa watoto. Nyumbani zimeni simu, ongeeni naye uso kwa uso akioga na akila, mkisubiri ajibu kwa namna yake. Ongeeni Kisukuma kama ndiyo lugha yenu. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto. Msiniambie mnasubiri kwa sababu wavulana huchelewa. Na kichanga mwenye udata anayeshindwa kunyonya ni habari nyingine: huyo aonwe hospitali, na akihitaji kukatwa atakatwa huko.

Mkija kwangu, mtoto afunge mdomo na simu ikae mfukoni. Mimi nitaketi nyuma yake.