Mvua Inapokwenda Kwengine

Kila mwaka msimu wa kusi, sisi watu wa pwani huuhisi unyevu hewani: nguo hazikauki upesi, na chumvi hulowa jikoni. Wakati huohuo, ndugu zetu wa Garissa na Wajir hutazama mbingu kavu. Maji yamo hewani, mbona hayawanyeshei?

Jibu ni kwamba ukame si uhaba wa mvuke pekee, bali pia ni njia upitao. Upepo wa kusi hukwea sambamba na pwani yetu, ukapinda karibu na Somalia, kisha ukauchukua mvuke wa bahari hadi Bara Hindi. Huko ndiko unakonyesha kwa wingi kuanzia Juni hadi Septemba.

Mvua za vuli, Oktoba hadi Disemba, nazo hutegemea joto la bahari. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi ya kawaida upande wetu, na upande wa Indonesia ukapoa, pepo za mashariki hutuletea mvuke mwingi. Ndivyo ilivyokuwa 2019, mito ikafurika. Joto likielemea upande wa Indonesia, mvuke huvutwa huko, nasi tukabaki na mawingu mepesi.

Hali hiyo ilitokea 2022, huku La Niña ikiwa imeitawala Pasifiki tangu 2020. Misimu mitano mfululizo ya mvua ikakosekana kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mifugo kwa mamilioni ilikufa, na akina mama wakatembea masafa marefu kutafuta ndoo moja ya maji. Mwishoni mwa 2023 mambo yakageuka: walioteswa na kiu wakahamishwa na mafuriko.

Kwa kuwa bahari hubadilika polepole, wataalamu huweza kuona dalili kabla ya msimu kuanza. Basi tusikilize utabiri wa vuli kama tunavyosikiliza habari za mwezi mwandamo. Wazee wetu wa Lamu walijenga majabia ya kukingia mvua, wakijua kuwa neema haiji kila siku. Nasi tusafishe mifereji ya paa mapema, tufunike matangi, na tusifanye israfu ya maji hata katika udhu.

Tumuombe Mwenyezi Mungu mvua yenye manufaa, na ikishuka itukute chombo tumekwisha kukitega.