Gari la kale halijiuzi, mnunuzi hulipia ushahidi

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, mwenye gari la kale la paa la kukunja, lililotunzwa vyema kwa miongo kadhaa, akiutegemea msemo huo pekee huenda akaishia kulitoa kwa bei ya kutupa.

Sababu ni kwamba wema wa gari la aina hiyo hauonekani kwa urahisi. Lililooza ndani laweza kupakwa rangi likapendeza kuliko lile zima ambalo rangi yake imefifia. Mnunuzi mwenye ujuzi analijua hilo, na ndiposa halipii mng'aro. Hulipia ushahidi kuwa gari ni lile lile lililotoka kiwandani.

Mfano mzuri ulitokea Ufaransa. Mnamo Februari 2015, gari aina ya Ferrari 250 GT California Spider la mwaka wa 1961 lilipigwa mnada jijini Paris kwa zaidi ya Euro 16 milioni. Lilikuwa limekaa miaka mingi bandani, limerundikiwa magazeti ya kale, na halikukarabatiwa kabla ya mnada. Kilichovutia wanunuzi ni uhalisi wake pamoja na historia yake, zikiwemo picha za zamani za mwigizaji Alain Delon akiwa na gari hilo.

Bila shaka si kila gari la wazi ni Ferrari. MGB, iliyoundwa kwa wingi mjini Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, haikaribii bei hiyo. Lakini kanuni ni ile ile.

Jambo la kwanza ni nambari. Nambari za injini na chasi zikilingana na zilizo katika stakabadhi za awali, thamani hupanda. Risiti za vipuri, kitabu cha matengenezo na hata picha za familia zihifadhiwe katika faili moja, kwani zinaeleza gari lilipopita na nani alilishughulikia.

La pili ni kutu. Gari la kawaida hupata sehemu ya uimara wake kutokana na paa la chuma. Lisilo na paa hilo hutegemea sakafu na mihimili iliyo chini ya milango. Kutu ikiila mihimili hiyo, gari hubonyea katikati na mianya ya milango hukosa kulingana. Mnunuzi stadi ataliinua kwa jeki kisha ajaribu kufungua mlango, ukikwama, atajua. Gari lililokaa Mombasa, kwenye hewa ya chumvi, litachunguzwa zaidi ya lile la Nanyuki. Ni heri muuzaji afanye uchunguzi huo mwenyewe, apige picha za upande wa chini, na aseme wazi palipowahi kuchomelewa.

Kuhusu bei, muuzaji asimsikilize dalali mmoja tu. Kiwango cha KS 1515:2000 kwa kawaida hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane, hivyo magari haya ni haba. Mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, yamekuwa jukwaa la kukutana na wamiliki na mafundi wanaoujua uhaba huo una thamani gani.

Hatari kubwa zaidi huwakabili warithi. Mara nyingi gari hubaki kwa jina la mzee aliyefariki, na dalali huja na pesa taslimu hata kabla ya matanga kuanuliwa. Sheria ya Urithi inahesabu kuwa ni kosa kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Anayeharakia pesa hizo huenda akapoteza gari, akavunja undugu na bado akashtakiwa.

Hatimaye, mauzo hayakamiliki kwa kupeana mikono. Muuzaji ahakikishe pesa zimeingia katika akaunti yake. Tangu 2009, hundi haziruhusiwi kupita Sh1 milioni, na kwa kiasi kikubwa zaidi ni lazima fedha zihamishwe moja kwa moja kupitia benki. Kisha umiliki uhamishwe kwa mtandao wa NTSA. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na mmiliki mpya asiposajiliwa, gari halifai kuwa barabarani baada ya siku 14.

Anayekabidhi ufunguo jina lake likiwa bado kwenye usajili amejibakizia lawama za gari asilokuwa nalo tena. Likigonga mtu usiku, mlango utakaobishwa ni wake.