Aliyebeba Kibanda Hadi Kilele cha Nelion

Kila Desemba watoto wa shule hapa Kingolwira husimuliwa habari za Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na mwenge wa Tanganyika kwenye kilele cha Kilimanjaro tulipopata uhuru mwaka 1961. Jirani zetu Wakenya nao wana Kisoi Munyao, aliyepeleka bendera yao juu ya Mlima Kenya mwaka 1963. Wote wawili nawaheshimu. Lakini kazi yangu ni kuongoza wageni milimani, na ninapofunga begi langu anayenijia akilini ni mtu wa tatu, ambaye kwa Kiswahili hatajwi sana. Ni Ian Howell, Mwingereza aliyeishi Kenya, aliyebeba kibanda kizima, kipande baada ya kipande, akakijenga juu ya Nelion, mojawapo ya vilele vya Mlima Kenya huohuo. Mwaka ulikuwa 1970.

Kwanza niueleze mlima wenyewe. Lenana, mita 4,985, mtu mwenye pumzi nzuri huifikia kwa kutembea. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni miamba iliyosimama wima, inayopandwa kwa mikono na kamba. Halford Mackinder na waongozaji wake wawili kutoka milima ya Alps, Ollier na Brocherel, walifika Batian Septemba 1899. Nelion ilikaa karibu miaka 30 zaidi bila mtu, mpaka Januari 1929 walipoifikia Eric Shipton na Wyn Harris. Majina ya vilele hivyo vitatu ni ya watu wa ukoo mmoja wa malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimaasai: Mbatian, ndugu yake na mwanawe.

Mwamba wa namna ile kwa kawaida hupandwa na watu wawili. Wa kwanza hutangulia, akipachika vyuma kwenye nyufa na kupitisha kamba humo. Wa pili hubaki chini ameishika kamba ile, ili mwenzake akiteleza asiende mbali. Kisha hupokezana. Howell alipanda peke yake. Vifaa vya kibanda vilidondoshwa kwa ndege kwenye barafu ya Lewis, chini ya ukuta wa Nelion, na kutoka pale akavipandisha mgongoni kwa safari 13, bila mtu wa kumshikia kamba. Hebu fikiria kipande cha bati mgongoni na upepo wa kule juu ukikivuta huku na huku, nawe vidole vimefungwa kwenye ufa wa mwamba baridi. Kushuka nako kuna hatari yake. Unapitisha kamba kwenye kitanzi kilichofungwa mwambani, unaning'inia, unashuka, unaivuta ije, unaanza upya chini zaidi. Ikikwama juu, huna pa kwenda.

Huku kwetu akina mama wa Mbete na Choma hushuka milima ya Uluguru alfajiri na mikungu ya ndizi na vikapu vya mboga kichwani, hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, kwa njia ambazo wageni wangu huzishuka wameshikilia mizizi. Nimekua nikiwatazama, na ndiyo sababu nilipoisikia habari ya Howell sikushangazwa na ujasiri wake peke yake. Nilishangazwa kwamba alifika juu, akatua mzigo, akateremka kufuata mwingine, na mwingine tena, kwa ajili ya watu asiowajua.

Maana kibanda kile ni cha wote. Pale ni karibu kabisa na ikweta, na jua likizama giza huingia ghafla. Mawingu nayo mara nyingi huufunika mlima kabla ya adhuhuri. Anayetaka kufika Batian kwa kupitia Nelion lazima ateremke kwanza kwenye pengo lililo kati ya vilele hivyo, linaloitwa Lango la Ukungu, apande upande wa pili, kisha arudi njia ileile. Kuimaliza safari hiyo na kushuka hadi chini kwa siku moja kunahitaji watu wepesi sana. Kabla ya kibanda, aliyechelewa alikesha kwenye mwamba.

Nimewahi kulala humo. Unaingia kwa kutambaa na kusimama huwezi. Pumzi zetu ziliganda kwenye bati juu ya vichwa, na kila aliyejigeuza aliwaamsha wenzake wote. Sijawahi kulala mahali nilipopashukuru kama pale.

Mwezi wa tisa mwaka uleule wa 1970, Mlima Kenya uliwaonyesha watu ukali wake. Gert Judmaier, daktari kijana kutoka Austria, alianguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz alishuka kutafuta msaada, kisha akarudi juu kumuuguza. Rubani Jim Hastings alipoteza maisha helikopta yake ilipoanguka katika juhudi za kumwokoa, na ilibidi waokoaji waje kutoka Innsbruck, Austria, ndipo Judmaier akateremshwa akiwa hai.

Vijana wa Bigwa na Kilakala wanaotaka kuwa waongozaji huniuliza kwa nini Howell hakukodi wapagazi. Nawaambia wapagazi huishia pale kutembea kunapoishia. Kutoka hapo kila anayepanda ni mpagazi wa nafsi yake, na Howell aliongeza mzigo wa wengine.

Kilele chetu cha Lupanga, hapa Uluguru, kina mita 2,138 na hakihitaji kamba, ila mvua ikinyesha utelezi wake umewavunja wengi vifundo. Kwa hiyo kijana haongozi mgeni chini yangu mpaka awe amepanda na begi lenye maji ya ziada, turubai, blanketi na vifaa vya huduma ya kwanza, vitu ambavyo siku nyingi hurudi havijaguswa. Wapo wanaolalamika kwamba wanabeba bure. Hao ndio ninaowakalisha chini na kuwasimulia habari za mabati ya Nelion, tangu safari ya kwanza hadi ya 13.