Kabla hujampandisha mwanao boti Mto Rufiji

Kwa mtoto aliyezaliwa na kukulia Dodoma, mto ni mchanga. Ni korongo pana lenye nyayo za ng'ombe, mahali ambapo kinamama huchimba visima vifupi kutafuta maji na vijana hupakia mchanga kwenye malori. Maji yenyewe hupita siku chache za mvua, kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kishindo, kisha hutoweka.

Mtoto huyo akifikishwa Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, jambo la kwanza linalomshangaza huwa si simba. Ni maji. Mto mpana, mivumo mirefu kandokando, na boti inayokwenda saa mbili au tatu bila kufika mwisho wa chochote.

Hata hivyo, mto huo si mgeni kwake kama anavyodhani. Ruaha Mkuu hutoka bonde la Usangu mkoani Mbeya na kuingia bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ambako hukutana na Mto Kizigo. Hapo maji huzungusha mitambo ya megawati 80, hushuka hadi Kidatu chini ya misitu minene ya Udzungwa na kuzungusha mingine ya megawati 204, kisha huingia hifadhini na kujiunga na Rufiji. Siku hizi hupita pia kwenye bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, kabla ya kwenda kumwagika Bahari ya Hindi mkabala na Mafia. Perege wa Mtera anayekaangwa nyumbani Dodoma ameogelea kwenye sehemu ya maji hayo hayo.

Safari za boti hufanyika zaidi upande wa mashariki wa hifadhi, karibu na Mloka na lango la Mtemere, mtoni na kwenye maziwa kama Manze, Nzerakera na Tagalala. Mwongozaji hukaa na abiria, nahodha hushika injini. Anayejua kazi yake huzima injini mapema na kuiacha boti isukumwe na maji, kwa kuwa kelele huharibu kila kitu. Hapo ndipo keremkerem huonekana wakiingia na kutoka kwenye matundu waliyochimba ukingoni, mdiria hujirusha majini kama jiwe, na tembo hushuka kunywa bila kujali nani anatazama.

Lakini watoto watauliza kiboko. Inafaa mzazi awe na majibu.

Kiboko hukaa majini mchana kwa sababu ngozi yake huungua upesi juani. Hutoa ute mwekundu ambao wengi huudhania ni damu; kumbe ni kinga yake dhidi ya jua. Usiku hutoka kula majani, na mtoto akitazama vizuri ukingoni ataona njia zake zilizochimbika kama mifereji. Majini hahitaji kuogelea kama samaki, hutembea na kujisukuma kwa miguu chini kabisa, akiibuka kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi. Ndama hunyonya humo humo majini.

Hatari ipo hapo kwenye kuibuka. Kiboko aliyezama haonekani, na boti inayopita juu yake, au kati yake na kina kirefu anakokimbilia, inamtia hasira. Kwa hiyo mwongozaji mzuri hahesabu vichwa vinavyoonekana tu, hukumbuka pia vilivyozama. Abiria anayemwambia "sogea kidogo tupige picha" anamvuruga. Baba wa familia ndiye mara nyingi huwa msumbufu kuliko watoto.

Mamba naye ana upande ambao hausimuliwi sana. Jike hufukia mayai mchangani na kuyalinda takriban miezi mitatu. Joto la kiota ndilo huamua watoto watakuwa madume au majike. Wakianguliwa huwabeba kwa kinywa kile kile kinachoogofya hadi majini. Mtoto akishasikia hayo atataka kuchovya mkono. Asichovye, hata pasipoonekana kitu.

Kabla ya kulipa, uliza jambo moja: je, kuna jaketi la kuokolea linalomtosha mtoto wako? Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto likiingia maji. Kama jibu ni "tutamshika", achana na safari hiyo, hata kama mmetoka mbali. Mtoto mdogo asiyeweza kukaa ametulia saa mbili ni bora abaki nchi kavu na mzazi mmoja, asubiri miaka michache. Gharama pia ziulizwe mapema TANAPA. Mtanzania hulipa kwa shilingi, na kiwango chake ni cha chini sana kuliko cha mgeni.

Jambo ambalo familia za Dodoma husahau ni malaria. Kanda ya kati ina malaria kidogo, hivyo watoto wengi hawana kinga aliyonayo mtoto wa Rufiji. Muone daktari kabla ya kuondoka, beba dawa ya kufukuza mbu na chandarua, na vaeni mikono mirefu jioni. Homa ikianza wiki mbili au tatu baada ya kurudi, usisingizie vumbi na mafua. Nenda ukapime siku hiyo hiyo na umwambie mganga mlikotoka. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o huzipenda.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho kipindi kizuri, na likizo ya katikati ya mwaka huangukia humo. Mvua za Aprili na Mei hukata barabara nyingi za hifadhi.

Wapo ambao mfuko hautawafikisha Rufiji, nao huishia kusimama Mtera njiani kwenda Iringa, kununua samaki na kutazama bwawa. Si vibaya, viboko wapo, mamba wapo, na ndege wa majini ni wengi. Tazameni kutoka mahali pa juu, mbali na ukingo. Msikodi mtumbwi wa mvuvi ili kuwasogelea viboko. Mvuvi hana jaketi la ziada, mtumbwi wake ni mwembamba, na yeye mwenyewe anapowaona viboko hupiga kasia kuelekea upande mwingine.