Istilahi ya Vipokezi vya Glutamati na Maelezo ya Kifafa: Kitale na Bungoma

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza vipokezi vya glutamati, na kwa nini uteuzi wa istilahi si jambo la wanaisimu peke yao. Bungoma, Kibukusu hutawala mazungumzo ya nyumbani. Kitale, wanakokutana Wabukusu, Wasabaoti na wengineo, Kiswahili ndicho daraja kati ya mgonjwa na tabibu. Istilahi ikikosekana, nafasi yake hushikwa na dhana zilizomo katika maneno ya zamani.

Maneno hayo ni mawili hasa. Degedege humkumbusha msikilizaji ndege, na katika imani za pwani ndege huyo ndiye anayemdhuru mtoto. Nalo neno kifafa huandamana na kitenzi kuanguka: hutaja kinachoonekana, wala halielezi chanzo. Ndiyo maana wako wengi wanaoogopa kumgusa aliyeanguka, wakidhani mate yake huambukiza.

Sayansi yaeleza vingine. Glutamati ni kemikali kuu inayoamsha seli za ubongo. Seli moja huitoa, ya pili huipokea kwa protini zilizo katika utando wake. Protini ya aina ya NMDA huzibwa na magnesiamu. Seli ikisha kuamshwa, kizibo hutoka na kalsiamu huingia. Kwa kiasi, jambo hili huwezesha kujifunza. Likipindukia, seli hufa. Seli nyingi zikiamshana kwa pamoja pasipo kizuizi, mtu huanguka. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba asidi ya kwinolini, inayoamsha protini hiyo hiyo, huzidi katika maji ya uti wa mgongo kadiri malaria ya ubongo inavyomlemea mtoto. Kwa Bungoma, penye malaria ya kudumu, hayo si mambo ya mbali.

Je, protini hiyo iitwe kipokeo au kipokezi? Kipokeo kimekwisha kutwaliwa na ushairi, kwa maana ya kiitikio. Tena kiishio -o huelekea kutaja chombo tu, ilhali -zi, kama katika mpokezi, hubeba maana ya utendaji. Na protini hii haipokei tu, bali hufungua njia. Kwa hiyo kipokezi ndicho kifaacho. Mzazi akielezwa kwamba vipokezi vya mwanawe vimeamshwa kupita kiasi, ana sababu ya kuwahi hospitali, wala hana sababu ya kumwogopa mtoto.