Mtaguso wa Firenze: Umoja Uliotiwa Sahihi na Kukataliwa

Wazee wa jamaa mbili wakimaliza ugomvi barazani, kazi yao haijaisha. Yawapasa warudi nyumbani na kuwaeleza wake zao, vijana na watoto. Hao wasipokubali, ugomvi utazuka tena. Ndivyo yalivyolipata Kanisa katika karne ya 15.

Mwaka 1054 wajumbe wa Papa na Patriarka wa Konstantinopoli walilaaniana, na utengano wa Walatini na Wagiriki ukazidi kukua. Mwaka 1204 askari wa msalaba kutoka Ulaya waliuteka mji wa Konstantinopoli na kupora hata makanisa yake. Wagiriki hawakusahau.

Baadaye Waturuki waliuzunguka mji huo. Kaisari Yohane VIII akatafuta msaada kwa Wakristo wa magharibi, naye Papa Eugenius IV akamwita kwenye Mtaguso. Wagiriki wapata 700 walifika Italia mwaka 1438, pamoja na Patriarka Yosefu II, mzee mgonjwa. Mtaguso ulianza Ferrara, ukahamia Firenze mwaka 1439.

Walibishana miezi mingi. Je, Roho Mtakatifu hutoka kwa Baba peke yake, au kwa Baba na Mwana? Mwishowe walikiri kwamba watakatifu wa pande zote mbili walifundisha imani moja kwa maneno mbalimbali. Kuhusu mkate wa Misa, wenye chachu au usio na chachu, kila upande uliachiwa desturi yake. Walipatana pia juu ya toharani na mamlaka ya Papa.

Patriarka alifariki tarehe 10 Juni, akazikwa Firenze. Tarehe 6 Julai 1439 hati ya umoja, iitwayo «Mbingu na zifurahi», ilisomwa katika kanisa kuu: Kardinali Cesarini kwa Kilatini, Askofu Bessarion kwa Kigiriki. Marko, askofu wa Efeso, alikataa kutia sahihi.

Waafrika nao walifika. Mwaka 1441 watawa Waethiopia waliokaa Yerusalemu walikuja Firenze, na mwaka 1442 hati ya umoja na Wakopti wa Misri ikatolewa.

Lakini Wagiriki waliporudi kwao, watu wengi waliukataa umoja. Baadhi ya waliotia sahihi walijuta hadharani. Umoja ulitangazwa Konstantinopoli tarehe 12 Desemba 1452 tu, na tarehe 29 Mei 1453 mji ukaanguka mikononi mwa Waturuki. Mwaka 1484 sinodi ya Wagiriki iliukana kabisa.

Tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriarka Athenagoras waliziondoa laana za 1054. Utengano haukwisha siku hiyo, ila kidonda kilianza kusafishwa.

Wasomaji wapenzi, hati ya Firenze iliandikwa na wenye elimu kubwa, tena wengi wao walitaka amani kwa kweli. Hata hivyo kumbukumbu ya mwaka 1204 ilikuwa haijaponywa. Anayetaka kupatana na ndugu yake aanze na kidonda, sahihi itafuata.