Malindi Tunayowaonyesha Wageni

Likizo ya Disemba inapokaribia, jamaa zetu wa bara huanza kuulizia habari za bahari. Wamo walioko Kericho mjini, na wengine Soin, upande wa chini wa kaunti hiyo, ambako joto na miwa vimeishinda chai. Husafiri hadi Nairobi, wakapanda treni ya SGR mpaka Mombasa, kisha wakamaliza kilomita 120 hivi za barabara hadi Malindi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji amwonyeshe nini?

Wengi wetu humpeleka moja kwa moja kwenye mnara wa Vasco da Gama. Si vibaya. Mreno huyo alifika Aprili 1498, akapokewa vyema kwa kuwa mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama na Mombasa, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Ila mtoto atakayerudi kwao na picha hiyo peke yake atadhani mji ulizaliwa siku ile. Miaka 83 kabla yake, mwaka 1415, twiga wa Malindi alikuwa amekwisha kufikishwa China mbele ya mfalme!

Tuanzie basi Msikiti wa Juma, ukingoni mwa bahari. Kando yake yamesimama makaburi ya mnara, kazi ya matumbawe na chokaa. Watoto wayaone, wawatolee salamu waliolala humo, wala wasiyaparamie.

Gedi ndiyo safari ya kutengewa siku nzima. Iko kilomita 16 hivi kusini, ndani ya msitu: msikiti mkuu, kasri, visima, na kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399. Humo vilifukuliwa vyombo vya kaure vya China, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia. Mimi humshauri kila mama amwonyeshe binti yake vyoo vya nyumba zile, pamoja na mahali pa kujitwaharishia. Darasa la tohara kama hilo halipatikani kitabuni. Kwa nini wenyeji walihama, wataalamu hawajaafikiana. Wapo wasemao vita, wapo wasemao maji ya visima yalididimia.

Na bahari yenyewe? Mto Sabaki humwagika kaskazini mwa mji ukibeba udongo mwekundu wa bara, na msimu wa mvua maji ya ufuoni hugeuka rangi ya chai ya maziwa. (Mvua ya Kericho haina lawama, yenyewe huteremkia Ziwa Victoria.) Siku hizo ni afadhali Watamu. Maji yakiwa safi, hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, ina samaki wa kila rangi, na mtu huwaona bila kulowana akiwa ndani ya mashua yenye kioo chini.

Akina mama wapendao kuingia majini kwa sitara, wakati wao ni baada ya Alfajiri, kabla ufuo haujajaa watu. Ulizeni kwanza wavuvi majira ya maji. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali, watoto wakafuata kaa na konokono hadi mwambani, na mtoto wa Soin aliyezoea mto hajui kwamba maji hayo yanarudi, tena kwa kasi. Mtu mzima mmoja akae ufukweni akiwatazama wao tu, simu ikiwa mkobani. Viazi karai vitangoja.